Ping inajibu, folda haifunguki: kisa cha kompyuta mbili za Tabata

Dada yangu ana steshenari Tabata Segerea. Hajapanga fremu, ni chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe. Shemeji alitoboa ukuta upande wa barabarani, akaweka mlango wa grili na bango, biashara ikaanza. Kazi ni zile zile za kila steshenari ya Dar: kutoa kopi, kuchapa, picha za pasipoti, kujazia vijana maombi ya mkopo wa chuo, kadi za harusi, na msimu ukifika, mitihani ya shule za jirani.

Kompyuta ni mbili. Ya mezani iko dukani, imeunganishwa na printa kubwa, inatumia Windows 10. Laptopu iko sebuleni, ina Windows 11 toleo la Pro, na ndiyo dada anayofanyia kazi usiku watoto wakishalala. Kinachotengenezwa sebuleni lazima asubuhi kifike dukani. Ni kama hatua ishirini tu kutoka kochi hadi kaunta, na kwa muda mrefu hatua hizo zilivukwa kwa flashi.

Flashi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikichomekwa na wateja, kwa hiyo mara kwa mara ilirudi na vile virusi vinavyoficha folda na kuacha shotikati mahali pake. Hilo walishalizoea. Kilichowashinda ni mtihani wa kidato cha pili. Mwalimu alileta rasimu, dada akaichapa usiku, mwalimu akapiga simu kusahihisha, akapiga tena. Kwenye flashi yakawemo mafaili matatu: "MTIHANI F2", "MTIHANI F2 MPYA" na "MTIHANI F2 MPYA KABISA". Msichana wa dukani akachapa la katikati. Nakala 140, karatasi mbili mbili. Zaidi ya nusu ya rimu ikaenda kufungia maandazi.

Jioni yake dada akanipigia. "Mdogo wangu, njoo unifanyie hizi kompyuta zionane. Shemeji yako kashindwa, ila hataki kusema."

Nilichokikuta

Nilifika Jumapili saa nane mchana. Kwa dada huanzi kazi kabla ya kula, na hilo lilinifaa, maana shemeji alinisimulia yote huku tukila. Alikuwa amehangaika kweli. Kwanza alizima fayawoli kwenye kompyuta zote mbili, yaani yule mlinzi wa mlangoni anayeamua nani wa nje aruhusiwe kuingia. Pili, aliwasha SMB1, njia ya kale ya Windows ya kupeana mafaili. Tatu, alikaa jioni mbili nzima akitafuta kitu kinachoitwa HomeGroup, mpangilio wa zamani wa kuunganisha kompyuta za nyumba moja, kwa sababu video aliyoifuata ilisema aanzie hapo.

HomeGroup asingeipata hata angetafuta mwaka. Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 tangu toleo la 1803, la mwaka 2018. Video ilikuwa ya enzi za Windows 7. Hili huwapata wengi: maelekezo ya kushirikisha mafaili yamejaa kila mahali, lakini hayana tarehe usoni, na Windows imebadilisha mambo haya karibu kila miaka miwili.

Kuna pia fundi wa mtaani aliyeitwa kabla yangu. Aliomba shilingi 30,000, akakaa saa nzima, akaondoka na kauli kwamba Windows 10 na Windows 11 hazipatani, kwa hiyo wanunue kompyuta mpya. Si kweli. Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kuombana mafaili inaitwa SMB, na hizo mbili huzungumza toleo lile lile, 3.1.1.

Nikauliza swali ninaloanza nalo siku zote: iliwahi kufanya kazi?

"Haijawahi," shemeji akajibu haraka.

Mpwa wangu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka na simu, akainua kichwa. "Baba, ilikuwa inafanya. Zile siku kompyuta zote ziko hapa sebuleni. Mimi nilikuwa naangalia katuni za kwenye laptopu kupitia kompyuta kubwa."

Hiyo sentensi ndiyo iliyostahili shilingi 30,000. Ikiwa kitu kilifanya kazi na sasa hakifanyi, basi kuna kilichobadilika katikati. Na kilichobadilika walikijua wote, ila hakuna aliyekihesabu: kompyuta ya mezani ilihamia dukani.

Namba 127

Ilipohamia, waifai ya sebuleni haikuifikia vizuri. Kuta ni za matofali ya saruji, na katikati kuna bafu. Shemeji akaenda Kariakoo, akanunua ruta ya pili, akavuta waya juu ya dari kutoka kwenye ruta ya sebuleni iliyowekwa na kampuni ya intaneti, akaichomeka ile mpya dukani. Intaneti ikafika, kila mtu akafurahi, na hapo ndipo kompyuta mbili zilipopotezana.

Sikugusa mpangilio wowote mwanzoni. Niliandika ipconfig, amri ya kuuliza anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kwenye laptopu, ikanipa 192.168.1.7. Nikaenda dukani, nikaandika hivyo hivyo, nikapata 192.168.0.101. Mtu mwenye haraka husoma zote mbili kama 192.168 na kuendelea. Namba ya tatu kati ya zile nne zilizotenganishwa kwa nukta ndiyo jina la mtaa: moja iko mtaa wa 1, nyingine mtaa wa 0.

Nikajaribu ping, yaani kubisha hodi kuona kama kompyuta nyingine itaitika, kutoka laptopu kwenda dukani: kimya, muda unaisha bila jibu. Kutoka dukani kwenda laptopu: inajibu, mara nne bila kukosa. Shemeji akasimama nyuma yangu. "Si umeona? Inajibu. Sasa kwa nini haifunguki?"

Hapo palikuwa pa kukaa kidogo. Mwishoni mwa kila mstari wa jibu la ping kuna neno TTL na namba, na watu karibu wote huipita. Yetu ilisomeka TTL=127.

TTL ni idadi ya ruta ambazo kifurushi cha data kinaruhusiwa kupita kabla hakijatupwa. Windows huvitoa vifurushi vyake na namba 128, na kila ruta inayokipitisha huikata moja, kama konda anayetoboa tiketi. Kikifika na 128 kamili, kimetoka kwa jirani wa mtaa mmoja. Kikifika na 127, kuna ruta moja katikati. Ndani ya nyumba yenye familia moja na mtandao mmoja, kompyuta hizi hazina sababu ya kukatiana tiketi.

Ruta ya pili, basi, haikuwa ikirefusha mtandao wa sebuleni. Ilikuwa imeanzisha mtandao wake. Waya wa darini ulichomekwa kwenye tundu lake la bluu, lile la kupokelea intaneti, kwa hiyo ikajiona iko mpakani mwa dunia, ikagawa anwani zake yenyewe na kuwaficha walio nyuma yake. Ni kijumba cha uani chenye uzio na geti lake, ndani ya uzio wa nyumba kubwa. Wa kijumbani anatoka, anamsalimia wa nyumba kubwa, na jibu linarudi kwa sababu mlinzi anakumbuka nani alitoka. Wa nyumba kubwa akitaka kumtembelea wa kijumbani hafiki hata getini, kwa kuwa ruta ya sebuleni haijui kwamba kuna mtaa unaoitwa 192.168.0. Ombi lake inalisukuma nje, kwenye intaneti, na huko anwani za 192.168 hazisafirishwi. Ndiyo maana ping ilijibu upande mmoja tu.

Kulikuwa na njia ya mkato, nami niliifikiria. Kwa kuwa wa dukani anaweza kutoka, ningeweka folda kwenye laptopu, kisha kompyuta ya dukani iifungue kwa namba, \\192.168.1.7, na kazi ingekwisha kabla ya chai. Jina lisingeonekana kwenye orodha, maana salamu za kujitambulisha haziruki ruta, lakini folda ingefunguka. Niliikataa kwa sababu mbili. Dada alitaka kumbukumbu zote za kazi zikae dukani, kwa kuwa laptopu husafiri naye. Na printa nayo ilitakiwa ionekane kutoka sebuleni, jambo ambalo ni upande ule ule uliofungwa.

Kuondoa uzio

Ruta nyingi za sasa zina mpangilio wa kubonyeza mara moja ili iache kuwa ruta na iwe kisambaza waifai tu. Ya shemeji haikuwa nao, kwa hiyo tulifanya kwa mkono. Mpangilio wa hatua una maana hapa. Nilichomoa kwanza waya wa darini. Ukibadilisha anwani ya ruta ya pili ifanane na mtaa wa kwanza huku waya ungali kwenye tundu la bluu, ruta nyingi hukataa, na nyingine hujihamisha zenyewe kwenda mtaa mwingine bila kukuambia.

Waya ukiwa nje, nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta ya pili, nikaipa anwani 192.168.1.2, nikaizima isigawe anwani kwa mtu yeyote. Mgawaji awe mmoja, wa sebuleni. Huyo naye nikamwekea mipaka: agawe kuanzia 192.168.1.20 kwenda juu, ili zile za chini ziwe akiba yetu. Halafu mpwa akapanda stuli, akapitisha waya vizuri, nikauchomeka kwenye tundu la njano, moja ya yale manne ya kawaida. Tundu la bluu likabaki wazi. Shemeji alilitazama kwa mashaka. Nikalifunika kwa kipande cha selotepu ili asije mtu akalijaza kwa nia njema.

Kompyuta ya dukani ikapata 192.168.1.23. Ping kwenda laptopu: TTL=128. Ping kurudi: inajibu, 128.

Shemeji akanyoosha mkono tupeane tano. Nikamwambia bado, sasa tunamrudisha mlinzi.

Kwa nini nilimrudisha mlinzi

"Shem, si ndiye aliyekuwa anazuia?"

Hakuwa yeye. Alikuwa ameondolewa kwa kosa la mwingine. Kitendo cha kuzima fayawoli si kibaya kama kipimo cha dakika mbili. Kwa kweli kilinirahisishia kusoma zile ping, maana nilijua hakuna kingine kinachozuia. Ubaya ni kuizima na kuiacha hivyo miezi, kwenye kompyuta ambayo kila siku inachomekwa flashi za watu ishirini. Ukiongeza kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, unaona hali ilivyo.

Na SMB1 ndiyo mbaya zaidi. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1, vikifunga mafaili ya watu na kudai fedha. Kiraka cha kuziba udhaifu huo kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimekiweka. Virusi hivyo havikuhitaji mtu abonyeze kitu. Viliruka vyenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao mmoja. Ndiyo sababu kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwishoni mwa 2017, SMB1 haiji ikiwa imewashwa. Windows 7 yenyewe tayari ilijua toleo la 2.1. Kama huna Windows XP au kifaa cha kale kisichojua kingine, huna biashara na SMB1. Nikaizima pande zote mbili, nikawasha fayawoli, kompyuta zikawashwa upya.

Tuliporudi, ping haikujibu tena. Pande zote mbili. Shemeji hakusema neno, lakini uso ulisema.

Hili nilikuwa nalitarajia. Windows huupa kila mtandao hadhi: ama wa hadharani, kama ule wa hotelini, ama wa faragha, kama wa nyumbani. Kwenye skrini huandikwa "Public" na "Private". Ikiwa hadharani, fayawoli hufunga karibu kila kitu na kompyuta hujificha. Windows huutambua mtandao kwa kuangalia, pamoja na mengine, ruta iliyo mlangoni. Sisi tuliibadilishia kompyuta ya dukani ruta ya mlangoni, kwa hiyo ikaona imehamia mahali pageni na kujiweka hadharani kwa tahadhari. Laptopu nayo ilikuwa hadharani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Windows 11 huupa kila waifai mpya hadhi hiyo mpaka mwenyewe useme vingine. Nikazibadilisha zote kuwa za faragha, nikawasha ruhusa ya kuonana na ya kushirikisha mafaili na printa kwa mitandao ya faragha pekee. Kisha kutoka laptopu nikagonga mlango wenyewe wa SMB, namba 445, kwa amri ya Test-NetConnection. Jibu la mwisho likasema True.

Tabata tulikuwa na bahati kwa jambo moja. Niliwahi kukaa saa tatu Sinza kwa rafiki nikifuata njia hii hii, namba zote zikiwa za mtaa mmoja, hadhi ni za faragha, na bado kimya. Simu na laptopu yake zilikuwa kwenye waifai ya wageni. Waifai ya wageni kwa kawaida huwatenga wateja wake, kila mmoja aone intaneti tu na asimwone mwenzake. Siku hizi mimi huuliza jina la waifai kabla ya kufungua dirisha la amri.

Jina na nenosiri

Nilipoandika \\192.168.1.23 kwenye laptopu, kilijitokeza kisanduku cha kuomba jina la mtumiaji na nenosiri. Kwa fundi hiyo ni habari njema: njia iko wazi, mlango umefunguliwa, sasa unaulizwa wewe ni nani. Kwa dada ilikuwa kero mpya. Akaandika zile tarakimu nne anazofungulia laptopu. Ikakataa.

Pini ya Windows ni ya kifaa kile tu, haivuki mtandao. Wala kisanduku kile hakiulizi habari za laptopu. Kinauliza mtu anayejulikana na kompyuta ya dukani. Mpwa akapendekeza nenosiri la barua pepe ya mama yake, nalo likakataliwa, kwa sababu kompyuta ya dukani haijui barua pepe yoyote. Ina akaunti moja, na akaunti hiyo haina nenosiri kabisa, ili msichana wa dukani asihangaike asubuhi.

"Basi acha wazi," shemeji akasema. Tukaacha wazi. Windows ikajibu kwamba akaunti ina vizuizi, mfano nenosiri tupu. Akaunti isiyo na nenosiri hukubaliwa kwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi pekee. Kwa anayetoka mtandaoni hukataliwa.

Shemeji alikuwa na karata ya mwisho kutoka kwenye ile video: kuzima ulinzi wa nenosiri katika kushirikisha, kila mtu aingie kama mgeni. Nikamwachia ajaribu, maana nilitaka aone mwenyewe. Laptopu ikatoa ujumbe kwamba sera za usalama za shirika lenu zinazuia wageni wasiojitambulisha.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Shirika! Sisi na mashine yetu moja ya kopi!"

Ujumbe huo huwapoteza wengi, hudhani kompyuta yao ni ya ofisi ya mtu. Haina maana hiyo. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro hukataa yenyewe kuingia kama mgeni kwenye kompyuta nyingine. Kuna namna ya kuilazimisha ikubali. Sikumwonyesha.

Nilirudisha ulinzi wa nenosiri, kisha kwenye kompyuta ya dukani nikatengeneza akaunti ya pili, ya hapo hapo, isiyofungamana na barua pepe. Nikaiita kazi, nikaipa nenosiri ambalo dada aliliandika nyuma ya daftari la madeni. Msichana wa dukani anaendelea kuingia bila nenosiri kama alivyozoea. Akaunti ya kazi ipo kwa ajili ya mtandao tu. Na kwa kuwa kompyuta ilijiita kwa mlolongo wa herufi na namba usiokaririka, nikaibadilisha jina kuwa DUKANI. Kwenye kisanduku dada akaandika DUKANI\kazi, nenosiri, akaweka alama ya kukumbuka.

Folda ikafunguka. Akaburuta kadi moja ya harusi kuiweka ndani. Ikakataa: huna ruhusa.

Hapo kosa lilikuwa langu kabisa. Folda inayoshirikishwa kwenye Windows ina milango miwili, mmoja wa mtandaoni na mmoja wa diski yenyewe, na atakayepita ni yule anayeruhusiwa na yote miwili. Mimi nilifungua wa mtandaoni, nikaipa akaunti ya kazi ruhusa kamili, nikasahau kwamba folda yenyewe ilikuwa ndani ya makabrasha binafsi ya akaunti ya msichana wa dukani. Hapo diski haimruhusu mtumiaji mwingine wa kawaida. Majina yalionekana kwa sababu nilikuwa nimeiongeza kazi haraka haraka kwa kusoma tu.

Ningeweza kurekebisha ruhusa moja moja. Badala yake niliihamishia folda nzima diski ya D, nikaiita KAZI ZA DUKA, nikaishirikisha upya. Kitu kikihamishwa kutoka diski moja kwenda nyingine huchukua ruhusa za huko kinakofikia, na D kwa kawaida humruhusu kila mtumiaji mwenye akaunti asome na aandike. Dada akaburuta tena ile kadi. Ikaingia. Nikamwambia aifute, aunde folda ndani yake, abadilishe jina. Yote yakakubali.

Jina DUKANI bado halikuonekana kwenye orodha ya mtandao upande wa kushoto, ingawa folda ilifunguka. Kuonekana na kufikika ni mambo mawili. Orodha hutegemea huduma ndogo ya kujitangaza, Function Discovery Resource Publication, na niliikuta imelala kwenye kompyuta ya dukani. Nikaiweka ijiwashe yenyewe. Kusema kweli, hata ingebaki imelala kazi ingekwenda, lakini shemeji alitaka kuiona kwa macho.

Umeme

Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika, ukarudi baada ya kama nusu saa. Sijawahi kuushukuru umeme wa Dar kwa kukatika ila siku hiyo. Ruta zikaamka, kompyuta zikaamka, na ile diski ya mkato niliyomwekea dada kwenye laptopu ya kufungulia folda ya dukani, herufi Z, ikawa na alama nyekundu. Nilikuwa nimeiunganisha kwa namba, 192.168.1.23, wakati wa kupima. Ruta ya sebuleni ilipoamka iligawa anwani upya, na 23 sasa ilikuwa ya simu ya mpwa.

Nikafanya mambo mawili. Kwenye ruta ya sebuleni niliitengea kompyuta ya dukani anwani ya kudumu, 192.168.1.10, kutoka kwenye ile akiba. Na Z nikaiunganisha upya kwa jina, \\DUKANI\KAZI ZA DUKA. Tukazima swichi kubwa ya nyumba kwa makusudi, tukahesabu hadi sitini, tukawasha. Z ikafunguka. Dada akapitisha picha za harusi za gigabaiti moja, ikachukua kama dakika moja na nusu, kwa sababu matundu ya ruta ya pili ni ya megabiti 100 kwa sekunde na hayawezi zaidi. Alisema hiyo ni haraka kuliko kutafuta flashi.

Nilipanda daladala saa mbili usiku. Jumanne yake, saa tatu usiku, simu.

"Mdogo wangu, Z imekuwa nyekundu tena."

Nikaanza kupanga kichwani: hadhi ya mtandao, anwani, huduma imelala. Halafu nikauliza. "Dada, kompyuta ya dukani imewashwa?"

Kimya. Nikasikia kandambili zikielekea mbele, mlango, kisha zikirudi.

"Imezimwa. Huyu binti akifunga duka anazima swichi ya ukutani, kila kitu."

Mimi ndiye niliyeweka folda kwenye kompyuta inayozimwa saa mbili, ili itumiwe na mtu anayeanza kazi saa tatu. Nilimuuliza kila mtu habari za Windows, sikumuuliza yeyote duka linafungwa vipi. Ruta ya sebuleni ina tundu la diski ya nje, na ingekuwa jibu zuri kwa kuwa haizimwi, ila nilipoingia kwenye mipangilio yake nilikuta inajua SMB1 peke yake. Nikamwambia dada basi kompyuta iachwe ikiwaka mpaka atakapomaliza.

"Na luku unalipa wewe?"

Tukakubaliana binti azime taa na mashine ya kopi tu, na mpwa, ambaye hulala wa mwisho, ndiye azime kompyuta. Kwa kazi hiyo mpwa ameongezewa data ya simu kila wiki.